Kilio cha Siku ya Kumi

Kila nyumba ya Magu ilipewa jozi ya samaki aina ya furu kwenye tangi iwazalishe, kwa kuwa ziwani walikwisha. Jike la kina Kabula, samaki asiyezidi kidole, alikuwa amebeba mayai mdomoni, kama furu wafanyavyo hadi vifaranga waweze kutoka, na akishtuka huyameza; kwa hiyo sheria ilikataza kelele. Wiki hiyohiyo mama yake Kabula akafariki. Walimzika kimyakimya kama mwizi, wanawake wameng'ata khanga kuzuia kilio.

Mkaguzi wa samaki aliyetumwa na serikali alichungulia tangi, akatabasamu. "Pole na msiba, mama. Mayai yako salama. Zimebaki siku tisa avitoe vifaranga."

Kabula alitoa khanga mdomoni.

"Ya kumi usikanyage hapa," alinong'ona. "Huyo akifungua mdomo, na mimi nafungua wangu."