Pa Kumweka Mama

"Usiliguse sanduku!" Stamatia alimfokea binamu yake hata kabla ya salamu. "Kwa mikono hiyo? Kanawe kwanza."

Nikitas aliitazama mikono yake. Ilikuwa na magamba ya samaki mpaka viwikoni, kama ya kila mtu bandarini asubuhi. Akacheka, akambusu mashavu yote mawili kwa mdomo unaonuka dagaa. Stamatia akabeba sanduku lake mwenyewe huku akijifuta uso kwa leso.

Mji wetu unanuka, sikatai. Pweza wanaanikwa kwenye kamba mbele ya mikahawa, paka wanakojoa kila kizingiti, na mwezi wa nane mtaro wa bandarini unatoa harufu ya kumliza mtu. Sisi tumezoea. Stamatia, mzaliwa wa Pirea, jiji kubwa ng'ambo ya bahari, alitembea kwa ncha za viatu, akiutazama mji kama mtu aliyekuta unywele kwenye supu.

Lakini hakuwa na la kufanya. Mama yake, Bi Anezina, alikuwa ametolewa kule Pirea jana yake. Miaka mitatu imekwisha, wasimamizi walimwambia Stamatia, kuna mwingine anaingojea nafasi. Tena mhudumu alitaka kumwosha mama huku sigara inaning'inia mdomoni na majivu yanadondoka. Stamatia nusura ampige kofi. Asipopata mahali leo, kabla ya meli ya jioni, kilichobaki ni kule wanakorundikwa wasio na watu wao, wageni juu ya wageni.

"Mama alizaliwa hapa," alisema. "Nitafutie mahali pasafi, Nikitas. Hilo tu."

Mahali pa kwanza palikuwa nyuma ya soko la samaki. Stamatia alichungulia, akaona maji ya samaki yamepenya chini ya mlango mpaka ndani, akarudi nyuma upesi.

"Ptuu! Hapa hata mbwa nisingemweka."

Pa pili palikuwa pa ukoo wa mke wa Nikitas, kijumba cha dirisha moja. Chokaa ilikuwa imebanduka na ukuta umeota ukungu wa kijani. Stamatia akaugusa kwa kidole, akakinusa, akakunja uso.

"Unyevu huu utamla mifupa."

"Angalau kuna kivuli."

"Na majirani?"

"Wa hapa? Wapole ajabu, dada. Sijasikia hata mmoja akilalamika."

"Usinifanyie mzaha! Na hiyo chupa ya nini? Saa hizi umeshaanza kunywa?"

"Ni divai ya mama yako," alisema Nikitas, akiikumbatia chupa. "Nyekundu, ya shambani kwangu. Nilijua utasahau."

Stamatia alikuwa amesahau kweli.

Kikabaki kijumba cha ukoo wenyewe, juu mlimani, na ufunguo alikuwa nao Bi Argiro, mjane wa mjomba wao. Kisa chenyewe mji mzima unakijua. Bi Anezina alipoolewa Pirea alisimama kwenye ngazi ya meli akatangaza kwamba anatoka zizini. Bi Argiro alikuwa gatini siku hiyo, kaja kumuaga, na neno lile halikumtoka moyoni.

Walimkuta anakama mbuzi. Kuku walikuwa wakitembea juu ya meza yake ya chakula. Alimtazama Stamatia juu mpaka chini, kisha akamtemea mate mara tatu, ftu ftu ftu, kama tunavyofanya hapa ili jicho baya lisimpate mtu. Wengine hutema hewa tu. Ya Bi Argiro yalitua kifuani. Stamatia alijisugua kwa leso nusura achane blauzi.

"Mtoto wa Anezina! Pua ni ile ile, iko juu mawinguni," alisema Bi Argiro. "Leo zizi limekuwa tamu, eh?"

"Bi Argiro, nionyeshe tu."

Mlango wa kijumba cha ukoo ulifunguka huku ukilia. Mbuzi walikuwa wamepata njia ya kuingia, na sakafu yote ilikuwa mavi. Stamatia aliziba pua, akasimama pale mlangoni machozi yakimtoka. Chini bandarini meli ilipiga honi.

"Wachafu! Mji mzima wachafu!" alisema. "Nimlete vipi mama yangu humu?"

Bi Argiro alichukua ufagio, akafagia mavi mpaka nje, akamwaga maji, akafagia tena, mgongo wake umepinda kabisa. Akaenda kuleta karai, akalisugua kwa jivu na limau hadi likang'aa.

"Kabla sijaolewa na kaka yake nilikuwa nikilala kwao," alisema bila kugeuka. "Kitanda kimoja, mimi na Anezina. Hakuweza kupata usingizi miguu ikiwa na vumbi. Nani alikuwa anamwosha? Mimi." Akaliweka karai sakafuni. "Umekuja naye?"

"Nimekuja naye."

"Basi tumwoshe, mwanangu, apumzike."

Nikitas akamimina divai yote kwenye karai, kama desturi yetu ya kuosha inavyotaka. Stamatia aliitazama mikono ya yule bibi, kucha nyeusi, ngozi imepasuka, inanuka mbuzi. Akairudisha leso mfukoni.

Kisha akafungua sanduku lenye mifupa iliyofukuliwa kaburini kule Pirea, akatoa fuvu la mama yake, akalibusu kwenye paji, akaliweka mikononi mwa Bi Argiro.