Kinachogonga Ndani ya Behewa

Dada mtu alilitikisa karibu na sikio lile behewa la treni ya kuchezea alilotumiwa na mdogo wake. Kitu kiligonga ndani: ko, ko.

"Yaani miaka miwili kimya, halafu ananitumia kitu kibovu!" alimwambia mumewe. "Kalifunga kwa gazeti tu, kama anatuma viatu vya mitumba."

Treni hiyo ilikuwa ya marehemu baba yao. Waliigombania, mdogo wake wa kiume akabaki nayo, na tangu mazishi walikuwa hawasemezani.

"Lifungue kwanza, ndipo umtukane," mumewe alisema.

Akachukua bisibisi. Skrubu nne zikatoka, sakafu ya behewa ikafuata. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya chuma, vya kulitia uzito lisiache reli. Kimoja kilikuwa kimebanduka njiani. Cha pili kilishikiliwa bado na donge la chingamu, gumu kama jiwe.

Juu ya donge palikuwa na alama za meno madogo, na katikati pengo.

Dada mtu akagusa meno yake ya mbele. Alikuwa na miaka saba siku ile. Gundi ya baba ilikuwa imeisha, mdogo wake analia behewa linapinduka, naye akatafuna chingamu haraka haraka hadi taya zikamuuma, akavibandika vile vyuma.

Miaka arobaini ilikuwa imepita, na mdogo wake hakuwahi kuibandua ile chingamu.

"Nenda hapo dukani," alimwambia mumewe kwa sauti ndogo. "Niletee chingamu."

Alikuwa anatafuna ya tatu simu ilipoita.

"Dada," mdogo wake aliuliza kwa woga, "limefika zima?"

"Mmh!" aliitikia, mdomo umejaa, akiomba moyoni mdogo wake asikate simu.