Wanne Wanaokohoa

Asubuhi Kombo alikuja na mnunuzi wa vyuma chakavu, wachukue gari la mama yake. Lilikuwa jekundu, dogo, la viti viwili, pistoni nne tu, na starta yake ilikufa zamani.

"Haliwaki hilo, mama. Na miaka yako sabini, unalitakia nini?"

Bi Mwanahawa alikuwa ameshaketi kwenye usukani, kanga kaifunga kichwani. "Kitendawili."

"Mama, mgeni anasubiri."

"Kitendawili, mwanangu."

"Haya, tega."

"Wanangu wanne wanalala nyumba moja. Wakikohoa, nyumba inaondoka."

Kombo alifikiri, akashindwa. Hakuwahi kujiuliza kwa nini mama yake huliegesha gari juu ya mteremko kila siku.

"Basi nipe mji," alisema mama.

"Chukua huu wote, ila ushuke."

Mama aliachia breki ya mkono. Gari likateremka kimya. Akatia gia ya pili, akaachia klachi, na wale wanne wakakohoa, kisha wakanguruma pamoja. Mnunuzi akaruka pembeni.

Chini kwenye njia panda, sokoni ni kushoto, msikitini ni kulia. Bi Mwanahawa hakukata kona, akanyoosha mbele. Kanga ilipepea, ikazidi kuwa ndogo.