Mpira wa Kupumulia

Katikati ya mlima pikipiki ikatapika tena. Oili ya moto ilichuruzika mpaka kwenye mguu wa mama, ikalowesha kiatu chake cha mpira.

"Simamisha, Kitinda," mama alisema. "Imeniunguza kidogo."

Kitinda akapiga magoti barabarani na kumfuta mama yake mguu kwa pindo la shati. Ng'ambo ya mlima kulikuwa na hospitali yenye mashine ya kusafisha damu, na figo za mama zilikuwa zimeshagoma. Magari hayakupanda njia ile. Yalizunguka mbali, na bei ya kuyakodi haikushikika. Bila pikipiki mama hafiki, na asipofika, daktari alikwisha kusema waziwazi kitakachofuata.

Walifika wamechelewa, lakini walifika. Jioni, baada ya kumrudisha mama nyumbani, Kitinda akaenda moja kwa moja kwa fundi.

Fundi alikuwa na maneno mengi kuliko spana. Aliuvuta mpira mweusi uliotoka juu ya injini, akauonyesha ulivyoloa.

"Injini nayo hupumua, ndugu yangu. Pumzi yake hutokea hapa. Ukiona pumzi inatoka na oili, basi ni moja kati ya mawili. Ama umeishibisha kupita kiasi, ama imezeeka, ringi za pistoni zimelika, moshi unapenya chini na kuisukuma oili nje."

"Kushiba haijashiba. Naipima mwenyewe kila jioni. Naikuta imepungua, naiongeza mpaka kwenye alama, basi."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi nipime nini? Oili hailiwi na panya."

Fundi akacheka. Akachomoa kijiti cha kupimia, na kweli, oili ilikuwa chini ya alama. Akaijazia, akafunga mpira mpya, mpana zaidi, na pikipiki ikalala kwake gereji. Kesho yake Kitinda aliipandisha mlima na kuishusha, isiteme hata tone. Alirudi nyumbani anapiga mluzi, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu.

"Imepona, mama."

Mama akamshukuru Mungu. Macho yake siku hizi yaliona mwanga na vivuli tu, lakini uso wake ulijua kugeukia sauti ya mwanawe. "Hata hivyo uiangalie," alisema. "Vyombo hivi ni kama watoto, vinataka kulishwa. Ya marehemu baba yako ilivuja kama chekeche, na haikumwacha njiani hata siku moja."

Asubuhi iliyofuata, mlima ule ule, pikipiki ikatapika kuliko mwanzo.

Hapo Kitinda akakata tamaa. Chakula kilimshinda. Chai ya asubuhi nayo aliiona ina harufu ya oili. Akainusa mikono yake na kujua kuwa kazi hii imeshamwingia mpaka kwenye ngozi. Dumu la oili lililokaa kibarazani likawa jepesi mapema kuliko alivyotarajia. Injini ilikuwa inakunywa kama mlevi wa mwisho wa mwezi.

"Inapungua, mama, inapungua tu," alilalamika. "Sijui nifanye nini."

"Mungu hamtupi mja wake," mama alijibu, huku akipapasa kutafuta mkono wake ili aushike.

Aliporudi gereji, fundi hakutania tena. Alifungua kisanduku cha kichujio cha hewa, oili ikamwagika kama mchuzi. Akatikisa kichwa.

"Sikufichi. Mpira ni mpya, hauna kosa. Hizi ni ringi, na silinda imeliwa. Hapa ni injini nyingine. Ukiendelea na hii, siku moja itakufia mlimani, mama yako yuko nyuma."

Injini nyingine Kitinda angeitoa wapi? Usiku kucha aliona picha ileile: pikipiki inazimika, inarudi nyuma, mama anaanguka na yeye hawezi kumdaka. Asubuhi akatafuta mnunuzi. Lakini habari za pikipiki inayotapika zilikuwa zimeshaenea mtaani, na hakuna aliyetaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mwisho akaisukuma mpaka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Alichopewa kilitosha gari la kukodi kwa safari moja, ya kesho. Safari ya baada ya hapo hakuijua.

Alisimama pale mpaka nyundo kubwa ilipoipasua injini. Mnunuzi akaokota kipande cha silinda, akapitisha kidole ndani. Kilikuwa laini, hakina hata mkwaruzo, kinang'aa kama kioo.

"Hii ilikuwa na ugonjwa gani?" akauliza.

Kitinda aliona anadhihakiwa. Akageuka, akaenda zake.

Usiku ule hakuwa na ujasiri wa kumwambia mama. Alfajiri ya siku ya hospitali akasikia kitu kinagonga uani, akatoka. Mama alikuwa ameinama, anapapasa ukuta mahali ambapo pikipiki ilikuwa ikilala. Mkono wake mwingine ulishika kikombe cha bati, kile cha chai, kimejaa oili mpaka ukingoni.

"Kitinda, umeihamishia wapi leo?" mama aliuliza. "Tangu siku ile uliposema imepungua kidogo, sijaacha kuinywesha kila alfajiri."