Kaburi la Mama Kyomuhendo

Kaburi lilichimbwa Jumanne, wageni wakitarajiwa Alhamisi. Wa kuzikwa hakuwepo.

Mchungaji Byamukama alisimama kando, mikono nyuma, akiwaelekeza vibarua wawili aliowatoa kwenye shamba la viazi.

"Msichimbe sana, nataka tuta tu. Mkimaliza mlimwagie maji lishuke. Huyu mtu kafa miaka tisa iliyopita, si jana."

Balaa lilianza na barua. Bi Halvorsen wa Norwe alikuwa na mwaka wa tatu sasa akimsomesha Kyomuhendo katika shule ya mayatima ya mchungaji, huku kwenye vilima vya Kigezi. Aliiona picha ya mtoto kwenye meza ya kanisa lao, akaichukua. Wafadhili wengine walituma kadi ya Krismasi na kalamu za rangi, wakatulia. Huyu alikuwa na maswali. Nani anamsuka nywele? Bado anaogopa radi? Safari hii aliandika kwamba anakuja na mumewe, na kwamba wangependa kuweka maua kwenye kaburi la mama wa mtoto.

Baba yake Kyomuhendo alikuwa amekufa kweli, kwa ajali ya lori. Lakini mama, mchungaji hakujua yuko wapi. Mtoto aliletwa shuleni na baba yake mdogo, Tibenderana, ambaye alisema tu kwamba shemeji yake aliondoka binti akiwa na miaka miwili, akapotelea huko alikokwenda. Fomu ya wafadhili ilikuwa na nafasi ya "hai" na nafasi ya "marehemu". Ya "hajulikani alipo" haikuwepo. Mchungaji aliliombea jambo hilo kwa dakika kadhaa, kisha akatia alama kwenye "marehemu". Mayatima wa pande zote mbili walipata mfadhili ndani ya mwezi. Wenye mzazi mmoja walingoja mpaka viatu vikawabana.

Tibenderana aliamriwa ashinde mjini Kabale siku hiyo ya Alhamisi. Yatima asiye na mtu duniani hawezi kuwa na baba mdogo mwenye pikipiki mpya.

Jumatano wakafanya mazoezi. Kyomuhendo, miaka kumi na mmoja, alisimamishwa mbele ya tuta. Juu yake palikuwa na msalaba uliopakwa rangi asubuhi ile.

"Mchungaji, kweli mama yumo humu?"

"Kiroho, yumo."

"Na kimwili?"

"Wewe imba, mwanangu. Ukifika ubeti wa tatu, inamisha kichwa. Machozi yakija, usiyafute."

Mchana, wenzake walipokwenda kunywa uji wa mtama, mchungaji alimwona kupitia dirishani. Alikuwa amepiga magoti peke yake pale kwenye tuta, anamweleza mama yake matokeo ya mtihani wa hesabu. Alikuwa wa nne. Swali la mwisho lilimpiga chenga, lakini muhula ujao atalipata. Mchungaji akatabasamu. Mtoto ameshika somo.

Alhamisi gari likafika. Akashuka mzungu mrefu, pua imebabuka kwa jua, na kabla hajasimama sawasawa watoto walikuwa wanaimba na jogoo wa zawadi yuko mikononi mwake. Nyuma yake akashuka mwanamke wa Kiafrika, koti refu, miwani myeusi, nywele fupi, akawaamkia watu kwa lugha ya hapo, Kikiga kilichonyooka. Moyo wa mchungaji ukatulia. Mkalimani, tena wa nyumbani!

"Karibu sana, dada. Bi Halvorsen hakuja?"

"Amekuja."

"Ah, yuko hotelini. Safari imemchosha, si ndiyo? Hawa wenzetu milima yetu hawaiwezi. Tutamwombea."

Wakaanza kupanda njia ya kaburini, mzungu mbele na jogoo wake.

"Dada, wewe ni wetu, utanielewa," mchungaji alinong'ona. "Si kila kitu ukitafsiri. Na mtoto akianza kulia, mwache alie kwanza. Maneno baadaye."

"Mama yake alikufa kwa nini?"

"Kifua. Alikohoa miezi mitano. Nilimshika mkono mimi mwenyewe. Akaniambia, 'Mchungaji, nakuachia mwanangu.'"

"Alisema hivyo?"

"Kwa sauti ndogo. Hiyo mtafsirie yote, usiache hata neno."

Walipofika, Kyomuhendo alianza kuimba. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, sauti ikatetemeka. Wa tatu hakuufikia. Alianguka kifudifudi juu ya tuta, akalikumbatia kwa mikono miwili, akaita, "Mama! Mama we!" kwa sauti ambayo haikuwa kwenye mazoezi. Hata mchungaji alishtuka kidogo, halafu akajipongeza kimoyomoyo.

Mwanamke alikuwa ameshamfikia. Alipiga magoti kwenye udongo na koti lake lile, akamnyanyua, akampakata kama mtoto mchanga, miguu yake mirefu ikining'inia. Akamfuta udongo mashavuni kwa kiganja. Kisha akamgeukia mzungu, akamwambia maneno machache ya Kinorwe. Mzungu akatazama msalaba, akamtazama mtoto. Jogoo akamponyoka. Akauliza kitu.

Mchungaji akasogea, akainama, daftari la mahitaji ya shule mkononi.

"Amesemaje, dada?"

Mwanamke akavua miwani.

"Mume wangu anauliza, kabla sijakata roho niliteseka sana?"