Kila Fundi na Pipa Lake

Kidole cha kwanza kilichonyooshwa mbele ya afisa kilikuwa tayari cha buluu. Cha pili kilikuwa cha zambarau. Afisa akaitazama chupa yake ya wino wa serikali, wino usiofutika, akaionea huruma. Angemtia nani alama, na hawa ni mafundi wa kutia vitambaa rangi?

Ofisi ya msajili wa vyama ilimtuma kusimamia uchaguzi wa mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi pale kiwandani, na yeye alikuwa na haraka zake. Binti yake alikuwa amejifungua, mjukuu wa kwanza huyo, na likizo aliyoiomba mpaka akachoka kuomba ilikuwa ianze kesho. Bosi wake alimwambia wazi: uchaguzi ukiisha salama, nenda, ukivurugika, sahau. Basi asubuhi ile aliwasomea kanuni kwa sauti ya kutisha watoto. Mtu akipiga kura mara mbili, uchaguzi utafutwa, na afisa msimamizi ndiye atakayekalia kiti cha mwenyekiti mpaka uitishwe mwingine. Alipofika hapo mafundi walitazamana, akaona wametishika vya kutosha.

Wagombea walikuwa wawili. Mwenyekiti mwenyewe, mzee wa pipa la rangi nyekundu, alikuwa ameining'iniza simu ya chama shingoni kwa kamba, na simu hiyo haikujua kunyamaza. Huyu kanyimwa buti, yule kafiwa na mkwe, mwingine anataka kupatanishwa na mkewe. Mzee alizipokea zote kwa upole, ndiyo mwanangu, nimekusikia mwanangu, hata chai yake ikapoa mezani. Afisa alikuwa ameshakagua hesabu za chama na hakukuta senti iliyopotea, na hapo ndipo alipozidi kumshuku. Mtu haibi, na bado kiti amekikalia miaka nenda miaka rudi? Huyu kalewa ukubwa, akajisemea.

Mpinzani wake alikuwa wa pipa la kijani, na walimwita Redio, kwa maana hakuna mkutano uliowahi kwisha kabla hajaukosoa. Wenzake ndio waliomsukuma agombee. Si unajua kusema wewe? Haya, kaa wewe. Mwenye domo kama lile, afisa aliona, lazima kiti anakitaka kwa udi na uvumba.

Shida ya wino aliitatua Mwenyekiti. Kiwandani mlikuwa na dawa ya kutolea rangi, kali kama ulimi wa wifi. Badala ya kutia alama, wangeiondoa: kila aliyekwisha kupiga kura achovye kidole kwenye dawa, kitoke cheupe. Afisa akaipenda akili hiyo. Mashine hazikuzimwa siku ile, watu walikuja mstarini na barakoa na miwani ya kazi, hujui nani ni nani, na kadi za uanachama mle ndani huazimwa kama miavuli. Kilichobaki kusema kweli kilikuwa kidole tu.

Mstari ukaenda vizuri. Afisa akaanza hata kuwaza ambebee mjukuu shuka la rangi gani.

Jioni wakamwaga sanduku mezani. Kwenye karatasi za kura, picha ya taa ilikuwa ya Mwenyekiti, ya ndoo ilikuwa ya Redio. Karatasi ya kwanza safi, ya pili safi. Ya tatu ilikuwa na alama ya dole gumba jekundu, bado mbichi, ikamchafua afisa mkono. Akachambua rundo. Za namna hiyo hazikuwa chache.

Alielewa mara moja, na roho ikamuuma. Rangi iliyokwisha kukaukia mkononi haiachi alama. Hii ilikuwa ya mtu aliyeng'arishwa kidole, akarudi kukichovya pipani, kisha akajipanga upya. Na mle kiwandani kila fundi na pipa lake. Ukitia mkono kwenye pipa la mwenzio mtagombana mpaka mstaafu.

Wote wakageuka kumtazama Mwenyekiti. Redio ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wengine.

"Mzee wangu," afisa akasema, na likizo aliiona ikiondoka kama basi lililojaa. "Mtu mwenye heshima zako. Kiti hiki kina asali gani?"

Mzee akainamisha kichwa.

Afisa akazikunjua zile karatasi zenye wekundu moja moja, kila mtu aone. Ndoo. Ndoo. Ndoo tena. Zote zilikuwa ndoo.

Kicheko cha Redio kikakatika. Akaanza kurudi nyuma taratibu kuelekea mlangoni, mikono kaificha mgongoni, lakini wenzake wakamzibia njia, kwa sababu chini ya rundo sasa zilikuwa zimejitokeza karatasi nyingine, hizi zenye madole ya kijani kibichi. Afisa aliketi kwanza, ndipo akazikunjua. Taa. Taa. Taa.

Basi uchaguzi ulikuwa umekwisha kufutika. Shingoni mwa mzee simu ikaanza kulia.

Mzee akaitazama, akamtazama afisa, uso wote ukamchanua. Akaivua kamba shingoni, akaitoa simu kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake.

"Pokea, Mwenyekiti," akasema. "Huyo ni yule wa buti."