Tundu la Sikio la Nasra

Mjini kwao kila mtu mzima alivaa vifaa vya masikio, hata mwenye masikio mazima, kwa sababu vifaa vile vililainisha maneno kabla hayajamfikia msikilizaji. Nasra alivivaa tangu wiki ya harusi yake na Mbwana.

Kilichomsumbua ni sauti yake mwenyewe, iliyomvumia kichwani kana kwamba anaongea ndani ya pipa. Fundi akamchungulia sikio.

"Tundu la hewa la kifaa hiki ni jembamba mno, dada. Nikilipanua, mvumo utaisha. Ila sauti za nje nazo zitapenya kidogo, jinsi zilivyo."

"Panua," Nasra akasema. Alitaka kujua zikoje.

Alipofika nyumbani, Mbwana alikuwa jikoni akikaanga vitunguu. "Karibu, mke wangu. Nilikuwa na hamu nawe," kifaa kikamletea, kwa ule ulaini aliouzoea. Lakini kupitia tunduni ikaingia sauti nyingine ya mumewe, nzito, yenye kukwaruza: "Umechelewa. Nilidhani hurudi tena."

Nasra akasimama mlangoni. Alitarajia ukali, akakuta hofu. Miaka yote hiyo hakujua kwamba Mbwana huogopa.

"Ulidhani nimekwenda wapi?" akamuuliza.

Mbwana akageuka huku uso wake umechanua. "Hata mimi nimekukumbuka," akajibu.

Nasra akamsogelea, akamwekea mdomo sikioni, penye kifaa chake, akarudia swali lile lile polepole. Mbwana akacheka kwa furaha, akambusu kwenye paji la uso.